Shika Kwanza Gitaa la Walikale, Ndiyo Tuongee

Ndugu yangu, acha unachofanya. Acha kabisa! Nimetoka kulishika sasa hivi, vidole vinawasha, kucha ya gumba imekatika nusu, sombe ipo mezani inapoa na sina hata hamu ya kuigusa. Naandika huku mguu unajipigia mdundo wenyewe chini ya meza. Nimepiga gitaa la Walikale! Gitaa la mbao, la kuchongwa kwa panga na patasi hapa hapa Walikale, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Mubi na Njingala, barabara wanayopita watu wa mgodi wa Bisie, na nakuapia, yale magitaa yote niliyotundika ukutani kwangu Goma, ya kung'aa, ya duka, yenye majina ya Kizungu kichwani, leo nimeyaonea haya.

Njoo nikuambie lilivyo mkononi. Nilitegemea zito. Mbao ngumu, misumari, gundi ya fundi wa vitanda, nani asingetegemea uzito? Nikalinyanyua kwa nguvu zote, likaruka juu nusura linigonge kidevu. Jepesi! Jepesi mno, kavu, tupu ndani, na bado lina joto la jua lililokuwa likilipiga pale mlangoni. Mgongo wake haujui vanishi. Umelainishwa na matumbo ya watu waliolipakata kabla yangu. Pale mkono wa kulia unapoegemea mbao imekuwa nyeusi, inang'aa, laini kupindukia, na mkono wako ukifika hapo unatulia wenyewe, haukuulizi. Ukiinamisha pua kwenye tundu unapata moshi wa kuni, mawese, na kitu fulani kichungu kitamu ambacho ni utomvu wa mti. Nilikaa nalinusa! Pikipiki zinapita, watu wanamwona mtu mzima ameingiza pua ndani ya gitaa. Na wanione.

Na bado! Hujasikia sauti.

Nilipogusa uzi wa kwanza gitaa zima lilitetemeka, likanitetemesha na mbavu, na nyuma ya sauti yenyewe ukaja mvumo mkali, mwembamba, mtamu, kama nyuki waliofungiwa kwenye kibuyu. Nikadhani kuna kitu kimelegea. Nikagonga mgongo, nikatikisa shingo, nikachungulia tunduni. Mwenye gitaa akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe mvumo umewekwa makusudi! Karibu na kidaraja, chini ya nyuzi, amebana kibati kidogo kilichokatwa kwenye kopo, kimekunjwa ncha ili kigusane na uzi kidogo tu, kidogo sana, kila unapolia. Akakitoa ili nisikie tofauti. Gitaa likawa na sauti safi, nzuri, ya adabu, na limepooza kabisa! Rudisha, nikamwambia, rudisha haraka. Wapigaji wa likembe, ile ala ndogo ya meno ya chuma, wameijua siku nyingi siri hii, ndiyo maana huvika pete za chuma kwenye meno ya likembe zao. Sisi tulionunua magitaa ya dukani tunahangaika kuondoa kila mvumo, tunalipa fundi auondoe! Basi tumekuwa tukilipa kuondolewa utamu.

Halafu nyuzi. Yesu wangu, nyuzi! Hakuna duka la nyuzi huku, na hakuna anayelililia. Fundi anachukua kebo ya breki ya baiskeli, ile ambayo ndani yake kuna nyaya nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Anakata kipande, anabana ncha kwa koleo, anaanza kufumua, waya mmoja, mwingine, mwingine, kila mmoja unatoka umejikunja mawimbi mawimbi. Anafunga ncha kwenye msumari ukutani, anajirudisha nyuma na uzito wake wote, anaupitishia kitambaa chenye mafuta huku na huku mpaka unanyooka na kuanza kuimba wenyewe kabla haujaona gitaa. Kwa nyuzi za chini anasokota nyaya upya, zikae mnene. Uzi wa juu kabisa unauma, sikufichi. Unakata. Vidole vyangu vya kushoto vina mistari. Lakini ile sauti ya chuma chembamba, kali, yenye makali ya asubuhi na mapema! Nailoni haitoi hiyo hata uitishe kwa maombi.

Mbao sasa. Nilimuuliza fundi ni mti gani, akanijibu bila kuinua macho, libuyu, akaendelea kupiga randa. Libuyu! Ndugu, hiyo ni jamaa ya sapeli, mti ambao watengenezaji Martin na Taylor kule Marekani wanautumia migongoni mwa magitaa yao na watu wanauza ng'ombe kuyanunua. Hapa libuyu inapakiwa kwenye malori kwenda Uganda na Kenya kuwa milango, na vipande vinavyobaki chini ya msumeno ndivyo fundi anavyookota. Anatengeneza kitanda, kinabaki kipande. Anatengeneza dirisha, kinabaki kipande. Jeneza pia, ndiyo, na vipande vyake havitupwi. Ukigonga mgongo wa gitaa kwa kifundo cha kidole unasikia mlio wa kengele ya mbali, mrefu, haufi upesi. Uso wa mbele ni tripleksi, tripleksi ya kawaida kabisa iliyowahi kuwa kasha la kitu fulani, maana nusu ya herufi bado zinasomeka ndani ya tundu. Niliziona nikapiga kelele za furaha. Fundi sasa anaamini sina akili timamu.

Na bado! Lipo la pili.

La pili ni gitaa la kopo. Kopo la mraba la mafuta ya msaada, limepachikwa shingo ya mti, funguo za kuchonga kwa kisu, nyuzi zile zile za breki. Nilitaka kulicheka. Nikaligusa, likanijibu kwa sauti ya juu kuliko la mbao, sauti ya kuchokoza, ya kihuni, yenye mwangwi wa chumba kitupu. Watoto wawili waliokuwa wanapita na bidoni za maji wakaziweka chini na kuanza kucheza hapo hapo. Sikuwa nimepiga hata wimbo! Nilikuwa nakaza nyuzi tu!

Na hapa ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka, kwa sababu fikiria tuko wapi. Bisie iko ndani ya msitu huo, na Bisie ni bati. Tangu miaka ya 2000 mwanzoni watu walichimba kasiterite, mawe ya bati, kule mlimani kwa mikono, wakaibeba mgongoni, magunia ya kilo 50, kwa njia ya matope ndani ya msitu mpaka Njingala, na ndege ndogo zikatua juu ya lami pale Kilambo kuipeleka Goma. Kutoka hapo ikaenda huko inakokwenda. Bati hilo ndilo linalopakwa juu ya chuma cha makopo ili kisipate kutu, ndilo linalounganisha vidude ndani ya simu yako. Siwezi kukuapia kwamba kopo lililokuwa mapajani mwangu lina chembe ya Bisie. Lakini chembe za Bisie zimezagaa dunia nzima, na moja ikiamua kurudi kwao ikiwa gitaa, nani ataizuia? Mzee mmoja pale benchi, aliyewahi kubeba magunia hayo, aliposikia hesabu yangu alitikisa kichwa akasema basi hilo kopo analidai mgongo wake.

Siku hizi mlima una mashine. Serikali ilifunga uchimbaji mwaka 2010 kwa miezi kadhaa, ikafungua 2011, kisha kampuni ya Alphamin ikaanza uzalishaji wa kibiashara 2019, na makreza wengi, wale wachimbaji wa mikono, wakatawanyika kwenye vishimo vingine. Walipotawanyika walibeba walichoweza. Godoro, sufuria, gitaa. Ndiyo maana magitaa ya mhimili huu yamechanganyika hivi: shingo ya mtindo wa Walikale kwenye sanduku la Masisi, funguo za mtu aliyejifunzia Shabunda. Ukilishika unashika safari za watu, na mimi mkusanyaji wa magitaa niliyezoea kusoma karatasi ndani ya tundu inayosema limetengenezwa China, nilikaa nikiligeuza geuza tu na kumeza mate.

Sasa kubadilishana! Huo mchezo ndio umenimaliza kabisa. Huku gitaa haliuzwi ovyo. Kuuza ni pale shida imepiga hodi. Gitaa linabadilishwa. Unakuja na lako, mwenzako anakuja na lake, mnakaa benchi moja, bei haitajwi. Unapiga lake, anapiga lako, kimya. Mnarudishiana. Watu wanajaa. Mmoja anasema shingo imepinda. Mwingine anasema shingo imenyooka, macho yako ndiyo yamepinda. Mtu anafumba jicho moja na kuangalia kutoka kwenye kidaraja mpaka kichwani, kama alivyofundishwa na kaka yake. Mwingine anabonyeza ubavu kwa gumba akitafuta ufa uliofichwa chini ya rangi, na hapo ujifunze, maana rangi mpya huku ni kesi ya kujibu! Gitaa lililopakwa rangi nyekundu jana lina jambo. Chagua lililochakaa. Chagua lililong'aa pale tu mikono inapogusa.

Mimi la kopo nililipata kwa radio ya jua, ile yenye tochi na mahali pa kuchomeka flashi. Kijana aliichukua, akaigeuza, akasema bado. Nikaongeza pakiti ya nyuzi za nailoni. Akasema sawa, na matabishi, ile nyongeza ya mwisho, je? Matabishi ikawa kofia yangu. Nimerudi kichwa wazi, jua linanichoma utosi, na sijawahi kufanya biashara tamu hivi maishani!

La mbao, mwenyewe alikataa. Alikataa katakata, kwa heshima zote, na mimi nilikuwa tayari kutoa la kiwandani nililobeba kutoka Goma, la kung'aa, lenye mkoba wake. Alilipakata. Akalipiga vizuri sana, vizuri kuliko mimi, akalifuta alama za vidole kwa shati lake, akanirudishia: «Papa, hili ni zuri kwa kutazama.» Nitapona, lakini si wiki hii.

Halafu alivyolipiga la kwake! Gumba na kidole cha shahada, basi, viwili tu. Gumba linatembea chini linabeba besi, shahada inaruka juu inachokoza wimbo, na katikati unasikia sauti ya tatu ambayo hakuna anayeipiga. Nilihesabu vidole vyake. Viwili! Ndio mkono ule ule wa Mwenda Jean-Bosco, Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, akapiga «Masanga» na kuwachanganya wataalamu wa muziki waliokaa miaka wakijaribu kuandika vidole vyake kwenye karatasi. Wengi husema mkono huo ulizaliwa kwenye likembe kabla gitaa halijafika. Ukiwa hapa, ukitazama gumba la kreza lenye ukucha mgumu likishuka uzi baada ya uzi, huhitaji mtu akushawishi.

Na ngoja nikupe utamu mwingine uwachokoze wenzako wanaoabudu magitaa ya ng'ambo. Santuri za Mwenda zilitoka kwa nembo ya Gallotone ya Afrika Kusini. Nembo hiyo hiyo ilibandikwa kwenye magitaa ya bei ya chini, na moja, Gallotone Champion, lilivuka bahari mpaka Liverpool likaangukia mikononi mwa kijana John Lennon! Ndilo alilokuwa akipiga Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney. Mwaka 1999 gitaa hilo la bei poa liliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni laki moja. Kwa hiyo mtu akikuambia gitaa la bei nafuu haliwezi kitu, mwache aseme, wewe endelea kukaza nyuzi.

Kapo yao, je! Penseli. Penseli na utepe wa mpira wa ndani ya tairi la baiskeli, inafungwa juu ya shingo, inavutwa, inazungushwa mara mbili, tayari. Nimenunua kapo za chuma za kila aina, zenye springi, zenye skrubu, zimejaa droo. Penseli inabana vizuri kuliko zote, na ukikumbuka maneno ya wimbo katikati unaifungua unaandika! Nimeshaacha zile nyingine. Mtu anazitaka? Nabadilisha.

Na bado, na bado! Subiri Jumapili. Kwaya za vijana huku zinapanga magitaa ya mbao manne mstari mmoja: solo, mi-solo, akompanyeman, na besi. Besi, ndugu yangu! Sanduku kubwa kupita mpigaji, nyuzi nene, anasimama nalo limeegemea paja, akilipiga husikii kwa masikio, unasikia kwa benchi ulilokalia. Hakuna spika, hakuna waya, hakuna jenereta ya kuzimika katikati ya pambio. Solo inapanda, mi-solo inaikamata mkia, akompanyeman hailali, na akina mama mbele wanaanza kusogeza mabega polepole mpaka mchungaji mwenyewe anafumba macho. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa nikiwa mgeni. Sikumaliza pambio la kwanza nimekaa.

Kasoro? Zipo, na wala hazinipunguzii kitu. Freti ni spoku za baiskeli na moja ya katikati imekaa pembeni kidogo, kwa hiyo noti hiyo inatoka na kiburi chake. Ukiizoea unaanza kuipenda, ukirudi kwenye gitaa la duka unaiona imepotea. Funguo za mti zinateleza. Mvua ya Walikale ikianza, na huanza itakavyo, mbao inavuta unyevu na gitaa linashuka sauti lote kwa pamoja, linakuwa gitaa jingine la kusikitika, unalikausha karibu na moto, linapanda tena. Wenyewe wanasema lilikuwa limelala. La kwangu la kiwandani lilifanyaje kwenye unyevu huo huo? Gundi iliachia na tumbo likavimba. Halikulala, lilikufa. Fundi wa vitanda ndiye aliyelifufua, kwa vibano viwili na tabasamu ambalo sikulipenda.

Sasa najua utaniambia barabara. Barabara ya Goma kupitia Masisi unaijua mwenyewe, leo inapitika, kesho haisemeki, na sikushauri kuhatarisha roho kwa ajili ya sanduku la tripleksi. Lakini magitaa yanatembea kuliko sisi. Ukiwa Goma, uliza mafundi wanaochonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, maana mkono unaojua kunyoosha mti wa chukudu unajua na shingo ya gitaa. Pita Foyer Culturel wanakofundisha vijana muziki, ulize nani ana la mbao. Ukifika Kinshasa, mtafute Misoko, yule wanayemwita Socklo, aliyetengeneza magitaa ya Kikongo miaka na miaka kwa mbao na vyuma vya kuokota, na ushike moja hata kama hununui. Shika tu! Halafu uniambie kama usiku utalala.

Mimi nimeshaagiza langu. Fundi hakuniuliza inchi wala modeli. Alinisimamisha, akachukua kamba, akanipima kutoka begani hadi kwenye ncha ya kidole cha kati, akafunga fundo. Kisha akanishika kiganja na kukibonyeza bonyeza, akizunguka chini ya gumba, akisema mkono wangu ni mlaini, ataifanya shingo iwe nyembamba, ataipunguza tena nikija kujaribu. Gitaa linakatwa kwa mkono wangu! Kipande cha libuyu kiko tayari juani, nimekwenda kukiangalia asubuhi, nimekwenda na mchana, na sasa fundi ameniambia kwa upole kwamba mbao haikauki haraka kwa kutazamwa.

Ningekuambia na ya yule mama anayepiga gitaa akiwa amembeba mtoto mgongoni, gitaa limegeuzwa mkono wa kushoto na nyuzi hazikubadilishwa, anapiga kila kitu juu chini na mtoto analala fofofo. Lakini kuna kijana amesimama mlangoni hapa na sanduku la besi kubwa kuliko mlango wenyewe, amesikia kuna papa anayebadilisha, na macho yake yako kwenye viatu vyangu. Viatu! Vipya! Wacha nikaisikie kwanza hiyo besi.